Kompyuta Kuukuu na Kadi Mpya ya Grafiki: Inunuliwe au Iachwe?

Makala ya juma hili kuhusu sayansi na teknolojia yanalitazama swali linaloulizwa katika nyumba nyingi, iwe ni Muscat, Leicester, Minneapolis au Mombasa, na hasa katika nyumba zenye vijana. Je, kompyuta iliyozeeka inafaa kutiwa kadi mpya ya grafiki ili iweze kuchezewa michezo ya kisasa, au fedha hizo ni bora ziwekwe hadi ipatikane kompyuta nyingine?

Kwa mtu asiyehusika, swali hili huenda likaonekana dogo, la watoto na michezo yao. Lakini kompyuta inayozungumziwa aghalabu ndiyo pekee iliyomo nyumbani. Ndiyo inayotumiwa na kijana kwa kazi za shule, na mama kwa kujaza fomu za uhamiaji, na baba kwa kuandika barua za kuomba kazi. Ikiungua kwa sababu ya kifaa kisichofaa, kinachopotea si mchezo peke yake. Tena fedha yenyewe ina njia nyingi za kwendea: kodi ya nyumba haijalipwa, na huko nyumbani yupo mdogo anayesubiri karo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo uamuzi huu unastahili kupigiwa hesabu kama uamuzi mwingine wowote wa nyumba.

Kwanza ni vyema kuzifahamu kompyuta zenyewe. Makampuni, shule na idara za serikali katika Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache. Zile za zamani huuzwa kwa jumla, husafishwa, na kuuzwa upya kwa bei nafuu. Nyingine hupakiwa katika makontena na kufika Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mfano mmoja unaojulikana sana ni Dell OptiPlex 9020, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne. Ni mashine imara, na mpaka leo huandika barua na kufungua kurasa za intaneti bila taabu. Lakini iliundwa kwa ajili ya karani, haikuundwa kwa ajili ya mcheza gemu. Hapo ndipo mjadala unapoanzia.

Picha inayoonekana kwenye skrini imeundwa kwa nukta ndogo ndogo ziitwazo pikseli. Skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani jumla ya nukta 2,073,600. Ili mwendo wa mchezo uonekane laini, picha hiyo nzima yafaa ichorwe upya mara 60 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba kompyuta hupaswa kutia rangi nukta zaidi ya milioni 124 katika kila sekunde inayopita, na kwa kila nukta ihesabu mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, na kipi kimesimama mbele ya kipi.

Kazi ya namna hiyo inafanana na mapishi ya harusi. Mpishi mkuu ni mmoja. Yeye ndiye ajuaye lini nyama iingie na lini mchele utiwe. Lakini gunia zima la vitunguu halimenywi na mpishi mkuu. Humenywa na kundi la watu walioketi jamvini, kila mmoja na kisu chake, wote wakifanya kazi ileile kwa wakati mmoja. Katika kompyuta, prosesa ndiyo mpishi mkuu, na kadi ya grafiki ndiyo kundi la wamenyaji. Prosesa ya Core i5 iliyomo katika mashine iliyotajwa ina viini 4 vya kufanyia kazi. Kadi ya NVIDIA GTX 1650, ambayo ni ndogo miongoni mwa kadi za wakati wake, ina viini 896. Kila kimoja ni dhaifu kikilinganishwa na kiini cha prosesa, lakini kwa wingi wao huimaliza kazi ya vitunguu kabla mpishi hajageuka.

Kadi za aina hii zilienea majumbani katika miaka ya 1990. Kampuni ya 3dfx ya Marekani ilijipatia umaarufu kwa kadi ya Voodoo iliyotoka mwaka 1996. NVIDIA, iliyoasisiwa mwaka 1993, ilitoa kadi ya GeForce 256 mwaka 1999. Mshindani wake mkubwa, ATI ya Kanada, ilinunuliwa na AMD mwaka 2006, na Intel nayo ikatoa kadi zake za Arc mwaka 2022. Kompyuta nyingi za ofisi, kwa upande wao, hazina kadi ya peke yake. Zina sehemu ya michoro iliyomo ndani ya prosesa, ambayo huazima kumbukumbu ya kompyuta badala ya kuwa na kumbukumbu yake yenyewe. Kwa jedwali za hesabu sehemu hiyo inatosha. Kwa michezo, huelemewa mapema.

Baada ya kufahamu hayo, swali la kwanza la mwenye kompyuta lisiwe kadi ipi inunuliwe. Liwe: ni mchezo gani unaotakiwa kuchezwa? Michezo haifanani. Grand Theft Auto V, iliyotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2015, ilipendekeza prosesa ya Core i5-3470, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 8, na kadi ya GTX 660 yenye gigabaiti 2. Mashine ya ofisi ya 2013, ikipata kadi ya kiasi, inakifikia kiwango hicho. Minecraft nayo haina madai makubwa katika hali yake ya kawaida, wala michezo mingi ya mpira ya miaka iliyopita.

Lakini iko michezo ambayo mlango wake umefungwa hata kabla ya kubishwa hodi. Indiana Jones and the Great Circle, iliyotoka Desemba 2024, ilitaja kuwa kiwango chake cha chini kabisa ni prosesa ya Core i7-10700K, RAM ya gigabaiti 16, na kadi ya RTX 2060 Super yenye gigabaiti 8. Mchezo huo unadai kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya nuru, uwezo ambao kadi za zamani hazina kabisa. Kwa anayeutaka mchezo huo, hakuna kadi moja itakayoigeuza mashine ya 2013 kuwa ya kufaa, kwa kuwa prosesa nayo imeachwa mbali. Anayeorodhesha michezo mitatu au minne anayoitaka, na kusoma madai ya kila mmoja kabla ya kwenda dukani, huenda akapata jibu lake bila kutumia hata senti.

Swali la pili ni la kujua udhaifu uko wapi. Kamba hukatika pabovu, na kuongeza unene mahali pengine hakuisaidii kamba hiyo. Mara nyingi mtu huona mchezo unakwamakwama, akaamua moja kwa moja kuwa kadi ndiyo yenye makosa, kumbe tatizo ni RAM ya gigabaiti 4, au diski ya zamani inayozunguka, au prosesa iliyochoka.

Ipo njia rahisi ya kupima isiyohitaji fundi. Mchezo ufunguliwe, kisha mwonekano wa skrini upunguzwe kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, au hata chini ya hapo. Kwa kufanya hivyo, nukta zinazochorwa hupungua kwa zaidi ya nusu, kutoka 2,073,600 hadi 921,600. Ikiwa idadi ya picha kwa sekunde itapanda sana, basi sehemu ya michoro ndiyo iliyokuwa imeelemewa, na kadi mpya italeta nafuu. Ikiwa idadi haibadiliki, basi wamenyaji vitunguu hawakuwa na tatizo, bali mpishi mkuu ndiye aliyechelewa. Kadi mpya katika hali hiyo itakaa ikimngoja. Pia katika Windows 10 na 11 ipo programu ya Task Manager inayoonyesha prosesa, RAM, diski na sehemu ya michoro zinavyotumika. Kinachofika kileleni na kubaki hapo wakati wa mchezo ndicho chenye kuhitaji kushughulikiwa kwanza.

Mchezo kama Counter-Strike 2, ulioanza rasmi Septemba 2023 kuchukua nafasi ya ule uliotangulia, ni mfano wa michezo inayoitegemea sana prosesa. Mtu anayecheza huo peke yake anaweza kutumia fedha nyingi kwa kadi na kupata mabadiliko madogo kuliko alivyotarajia.

Swali la tatu ni la mwili wa kompyuta yenyewe, na hapa ndipo hatari ilipo. Kadi ya grafiki huchomekwa katika nafasi ndefu ya ubao mama iitwayo PCI Express. Nafasi hiyo huweza kuipa kadi umeme usiozidi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo hudai waya wa ziada kutoka kwenye kifaa cha kugawa umeme, kile mafundi wanachokiita pawa saplai. Plagi ya ziada yenye pini 6 hutoa wati 75 nyingine, na yenye pini 8 hutoa wati 150. Kompyuta nyingi za ofisi hazina plagi hizo kabisa.

Hesabu yake si ngumu. OptiPlex 9020 yenye kasha kubwa ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 290. Prosesa yake ya Core i5-4570 imekadiriwa wati 84. Ikiongezwa kadi ya wati 75, jumla ni wati 159. Diski, RAM, feni na ubao mama vikipewa makadirio ya wati 50, jumla hufikia takriban wati 210. Hapo imebaki nafasi ya kupumua. Lakini ikitiwa kadi ya wati 150, jumla inakuwa 284, na pawa saplai iliyofanya kazi zaidi ya miaka kumi inaombwa itoe karibu kila ilicho nacho, katika chumba chenye joto, kwa saa kadhaa. Huko ni kuitafuta ajali.

Wapo wanaokwepa ukosefu wa plagi kwa kununua kiunganishi cha bei ndogo kinachochukua umeme kwenye waya wa diski na kuupeleka kwenye kadi. Plagi ya diski ya aina ya SATA iliundwa kubeba takriban wati 54 katika waya zake za volti 12, ilhali plagi ya pini 6 ya kadi huruhusiwa kuvuta 75. Viunganishi hivyo vinajulikana kwa kuyeyuka, na pengine kushika moto. Wala si rahisi daima kubadilisha pawa saplai yenyewe, kwa sababu mashine za ofisi za makampuni makubwa mara nyingi hutumia plagi na vipimo vyao wenyewe. Ile ya OptiPlex 9020 haifanani na pawa saplai za kawaida zinazouzwa madukani.

Kuna pia suala la nafasi. Mashine nyingi za ofisi zina kasha jembamba, ambalo hukubali kadi fupi za nusu kimo tu. Anayenunua kadi bila kupima kasha lake kwa rula anaweza kurudi nyumbani na kitu kisichoingia. Na liko jambo jingine dogo linalosahauliwa: skrini. Skrini nyingi za zamani zina tundu la VGA pekee. NVIDIA iliacha kuweka njia hiyo ya mawimbi ya kizamani katika kadi zake kuanzia mfululizo wa GTX 10 wa mwaka 2016. Kadi mpya yenye HDMI na DisplayPort ikikutana na skrini ya aina hiyo, itahitajika adapta yenye kubadilisha mawimbi, kwani waya wa kawaida hautoshi.

Kwa sababu hizo zote, orodha ya kadi zinazoifaa mashine ya ofisi ni fupi. GTX 750 Ti ya mwaka 2014 hutumia wati 60. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hutumia wati 75, nayo ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Ilipotoka bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 139. GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo ni ya wati 75 na gigabaiti 4, na ilianza kwa dola 149. AMD ilitoa Radeon RX 6400 mwaka 2022, inayotumia wati 53 tu. Na mwanzoni mwa 2024 NVIDIA ilitoa RTX 3050 ya gigabaiti 6, inayotumia wati 70. Baadhi ya kadi hizo hupatikana pia kwa kimo cha nusu. Hata hivyo, mnunuzi aangalie kwa makini, kwa kuwa hata kadi yenye jina linaloruhusu wati 75 huweza kuundwa na kiwanda fulani ikiwa na plagi ya ziada.

Umeme mdogo pekee haumalizi maneno. RX 6400 inavutia kwa udogo wake, lakini huwasiliana na kompyuta kupitia njia 4 tu, badala ya 16 ambazo nafasi yake ndefu inaweza kubeba. Katika kompyuta mpya zenye PCI Express ya toleo la 4, njia hizo 4 ni pana vya kutosha. Katika toleo la 3, upana wa kila njia ni nusu yake, na katika toleo la 2 ni robo yake. Kwa hiyo kadi hiyohiyo, ikitiwa katika mashine kuukuu, huonyesha uwezo mdogo kuliko ule unaosifiwa, hasa kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 inapojaa. Kadi za Intel Arc nazo zinahitaji kipengele cha ubao mama kiitwacho Resizable BAR ili zifanye kazi vizuri, na kompyuta za ofisi za 2013 hazikuundwa nacho. Funzo lake ni kwamba kadi nzuri kwa jirani mwenye kompyuta mpya si lazima iwe nzuri kwa mwenye kuukuu.

Swali la nne linahusu umri. Kadi haifanyi kazi bila programu endeshi inayotolewa na mtengenezaji wake. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kuwa kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, ambavyo ndivyo vya GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti, zingepata programu za kuandaliwa kwa michezo mipya hadi Oktoba 2025, na baada ya hapo zipewe marekebisho ya usalama pekee hadi Oktoba 2028. GTX 1650 na RTX 3050 hazikuwamo katika tangazo hilo. Kwa hiyo tofauti ndogo ya bei kati ya 1050 Ti na 1650 dukani huficha tofauti kubwa ya maisha yaliyobaki.

Si kadi tu iliyo na umri. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa majumbani ulipangiwa mwaka mmoja zaidi. Windows 11, kwa upande wake, hudai kipande cha usalama cha TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel hukubali rasmi kuanzia takriban kizazi cha nane. Mashine ya 2013 haimo. Zipo njia za kuilazimisha, lakini kulazimisha huleta matatizo mengine. Mchezo wa Valorant, kwa mfano, ukichezwa katika Windows 11 hudai TPM 2.0, na pasipo nayo hukataa kufunguka. Anayehamia Linux anaweza kucheza michezo mingi ya Windows kwa msaada wa Proton, mfumo uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 2018, ijapokuwa baadhi ya michezo ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya udanganyifu haikubali.

Hapo ndipo unapofikiwa moyo wa hesabu. Katika kompyuta kuukuu kuna fedha zinazohama na fedha zinazozikwa. RAM ya aina ya DDR3 na prosesa ya kizazi cha nne, vikinunuliwa leo, vitazikwa pamoja na mashine hiyo, kwa kuwa kompyuta ijayo haitavipokea. Diski ya SSD ya aina ya SATA inaweza kuhama. Kadi ya grafiki nayo huhama: hung'olewa na kutiwa katika kompyuta nyingine kwa dakika chache. Kwa hiyo anayenunua kadi ya wati 70 au 75 yenye umri mbele yake, hata akiitumia mwaka mmoja katika mashine kuukuu, hajapoteza. Anayenunua kadi ya zamani kwa sababu ni rahisi, kisha akaongeza RAM ya DDR3, kisha akanunua kiunganishi, kisha akabadilisha pawa saplai, anaufuata ule msemo wa bandu bandu huisha gogo. Kila hatua ni ndogo, lakini mwishowe jumla yake ingeweza kununua kompyuta nzima.

Kipimo kimoja chepesi ni hiki. Ziandikwe katika karatasi moja gharama zote, yaani kadi, RAM, diski, adapta ya skrini na ada ya fundi. Pembeni yake iandikwe bei ya kompyuta ya ofisi iliyotumika yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, aina ambayo ilianza kutoka mwishoni mwa 2017 na ambayo Windows 11 huikubali. Ikiwa gharama zinazozikwa zinapita nusu ya bei hiyo, ni busara kuanza na kompyuta, na kadi ikafuata baadaye. Nyumba hujengwa kwanza, ndipo vikatafutwa viti. Na kwa ambaye kompyuta yake inatosha kwa kazi na shule, na shida yake ni michezo tu, yafaa pia aijumlishe katika karatasi hiyo bei ya mashine maalumu ya michezo kama Xbox Series S, ambayo ilianza kwa dola 299 mwezi Novemba 2020, ingawa bei yake ilipandishwa mwaka 2025.

Akiamua kununua kadi iliyotumika, mnunuzi aende na macho yake. Katika miaka ya 2020 hadi 2022 kadi za grafiki ziliadimika kwa sababu ya uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha utaratibu uliohitaji kadi hizo, na kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zikamwagwa katika soko la mitumba. Si zote mbovu, lakini feni na joto lake vinastahili kuchunguzwa. Hatari kubwa zaidi ni kadi bandia. Zipo kadi za kizazi cha mwaka 2010 zilizobadilishwa maandishi ya ndani ili zijitambulishe kwa kompyuta kuwa ni GTX 1050 Ti. Windows huamini jina hilo, na mnunuzi naye akaamini. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua kadi nyingi za namna hiyo. Dalili nyingine ni tundu la VGA, kwa kuwa GTX 1050 Ti halisi haina uwezo huo. Rahisi ghali, kama wasemavyo watu wa pwani.

Kwa wanaoishi Uingereza, sheria humpa anayenunua mtandaoni kutoka kwa mfanyabiashara siku 14 tangu apokee bidhaa ili aweze kubatilisha ununuzi. Haki hiyo haimhusu anayenunua kwa mtu binafsi. Na kwa anayekusudia kumpelekea ndugu kadi nyumbani, ni vyema kwanza kumwomba apige picha ndani ya kasha, bandiko la pawa saplai, na nyuma ya skrini. Picha tatu hizo hutoa majibu ya wati, nafasi na tundu, kabla mzigo haujafungwa. Akumbuke pia kuwa pale ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kuhifadhi umeme kinaweza kuwa na faida kwa kompyuta hiyo kuliko kadi yenyewe.

Kazi ya kuichomeka kadi si ngumu, lakini inahitaji utulivu. Kompyuta izimwe na waya wa umeme ung'olewe. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Mkono uguse chuma cha kasha kabla ya kuishika kadi, ili umeme tuli wa mwilini usiidhuru. Vumbi lisafishwe, kwani kwa kompyuta ya miaka kumi feni yake huwa imebeba mengi. Na kabla ya yote, nyaraka muhimu za nyumba zinakiliwe katika diski ya nje au ya kubebeka.

Kwa muhtasari, kadi inafaa kununuliwa iwapo michezo inayotakiwa haidai prosesa mpya, ikiwa kipimo kimeonyesha kuwa sehemu ya michoro ndiyo iliyoelemewa, kama umeme na nafasi ya kasha vinatosha bila ujanja, na kama kadi yenyewe ina umri wa kuhamia kompyuta ijayo. Moja kati ya hayo likikosekana, ni afadhali kungoja. Kijana anayeambiwa angoje huenda akanuna, lakini akionyeshwa karatasi ya hesabu na kushirikishwa kuijaza, amefundishwa jambo litakalomfaa hata siku atakaponunua gari au nyumba. Na mzazi anayekubali baada ya hesabu kutimia hana sababu ya kuhofia kuwa fedha imeteketea.

Na hapo ndipo yanapofikia tamati makala ya juma hili.